Nyayo za Kaka Juu ya Dari

Machi 9
Daftari hili nilipewa kliniki niandike presha yangu asubuhi na jioni. Presha inachukua mstari mmoja, ukurasa una mistari thelathini, na mimi sipendi kitu kiende bure. Kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana tukiwa mezani. Kaka alikuwa anasimulia kwa mara ya mia ile penalti aliyotoa dakika ya mwisho, ikabidi akimbie na sare zake mpaka kituo cha polisi. Alichezesha mpira miaka ishirini, mtaa mzima unamwita Refa, hata watoto. Ninayemwita kaka nimebaki mimi peke yangu.

Nyumba hii ya ghorofa moja ni ya baba yetu. Mimi nakaa chini, yeye juu, na ngazi ya saruji iko nje. Tangu wifi yangu afariki, miaka sita sasa, kaka hushuka saa saba kula kwangu. Dari yangu ni ya mbao, kwa hiyo maisha yake yote nayasikia: ndala zikiburuzwa kutoka kitandani kwenda dirishani, kitanda kikilia anapojitupa, kiti kikivutwa karibu na redio. Binti yangu anasema anashangaa ninavyovumilia. Simwambii kwamba nisiposikia ndiyo silali.

Redio inaongea ugonjwa wa nchi za mbali. Kaka anasema huo hauna nauli ya kufika huku.

Machi 15
Wametangaza. Shule zimefungwa, mikusanyiko marufuku, wazee wa miaka sitini na kuendelea wakae ndani. Nina sitini na nane, kaka ana sabini na nne. Binti yangu, ambaye anafundisha mji wa mbali, alipiga simu mara tatu kabla sijamaliza chai. Aliniambia nisimruhusu mtu yeyote kuingia, hata mjomba wake. Nikamwambia mjomba wako si mtu, ni kaka yangu. Akasema, "Mama, pumu yako haijui tofauti."

Hapo alinipata. Nina pumu tangu nikiwa msichana. Tena nimefanya kazi ya udobi katika hospitali kubwa miaka thelathini na moja. Watu wanadhani dobi haoni wagonjwa. Anawaona kwa mashuka yao. Mwaka wa kipindupindu tulichemsha mashuka kwenye mapipa kutwa nzima, na wenzangu wawili waliokuwa wanadharau glavu hawakurudi kazini. Ugonjwa siutanii.

Saa saba nilisikia ndala zikishuka. Nikampokea mlangoni na sahani ya maharage mkononi, nikamwambia kuanzia leo atakula kwenye ngazi, mimi nitakula ndani dirishani, na tutaongea vilevile. Alinitazama kama mchezaji aliyepewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake.

"Unanifukuza mezani kwa baba?"

"Sikufukuzi. Nakusogeza."

Alikaa ngazi ya tatu, akala chote, akalamba kijiko polepole ili nimwone.

Machi 16
Mvua. Kaka kala chini ya mwavuli. Amenuna, lakini sahani imerudi tupu.

Machi 19
Kinyozi aliye mkabala na nyumba yetu ametoa ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni, kaining'iniza kwenye mti wa umeme. Lakini benchi hajaliondoa. Hapo ndipo kaka anapocheza drafti kila asubuhi na Tarishi, yule aliyetuletea barua mtaa huu mpaka posta ikamstaafisha. Ni marafiki wa kutukanana, wasipotukanana siku mbili ujue mmoja anaumwa.

Nimewatazama kupitia pazia. Kaka anasalimia kwa kiwiko kama redio ilivyoagiza. Kisha akishinda anasahau, anawapa mkono wote, hata wapita njia. Mchana nilimwambia nimemwona. Akaniambia siku hizi nimekuwa mshika kibendera, kazi yangu kukimbia pembeni ya uwanja na kunyoosha mkono.

Machi 24
Nimekwenda kliniki kuchukua dawa. Njia nzima nilikuwa natembea kama mwizi. Wamechora maduara ya chokaa chini na kila mzee anasimama katika duara lake kama kuku aliyewekwa alama. Bibi mmoja alikohoa, na maduara yote yakamgeukia. Akaanza kujieleza kwamba ni mate tu yamempalia, akajieleza mpaka akakaribia kulia. Mbele yangu palikuwa na mzee aliyejifunga fulana usoni badala ya barakoa, mikono ya fulana ameifungia kisogoni, na hakuna aliyecheka.

Zamani vijana walikuwa wakiniona wanaharakisha kuja kunipokea mzigo. Leo wawili walivuka barabara waniepuke, na mmoja akanipigia shikamoo kutoka upande wa pili. Nilijikuta nashukuru. Heshima ya siku hizi ni kukukimbia.

Machi 25
Presha imepanda. Mvua.

Machi 28
Nimegombana na kaka. Nataka niandike maneno yenyewe, kwa sababu kesho nitajifanya sikuyasema.

Alirudi kutoka kwa Kinyozi saa saba akiwa amelowa, ana furaha, amemfunga Tarishi mara tatu. Badala ya kukaa ngazi ya tatu alikuja moja kwa moja mlangoni, akaweka mguu ndani, akasema leo mvua ni kubwa, dada, tule kama binadamu. Nilishika mlango. Yeye anasukuma kwa kucheka, mimi nasukuma kwa hofu, wazee wawili tunasukumana na mlango wa baba yetu. Kifua kikaanza kunibana. Nikamwambia ataniua. Akasema kifo kina refa wake, dakika tisini zikiisha zimeisha. Ndipo nikasema:

"Wewe kufa basi. Lakini ujue ugonjwa huu ukikuua hakuna atakayekuosha. Utafungwa nailoni kama taka za hospitali. Nimezibeba, nazijua."

Kicheko kilimtoka usoni. Aliondoa mguu. Chakula alikiacha mkononi mwangu, akapanda, na juu ya dari sikusikia kitu ila kitanda.

Machi 30
Ameshuka kula. Ngazi ya tatu. Hakuongelea lile, na mimi sikuliongelea.

Aprili 3
Tarishi anaumwa. Mkewe amemwambia Kinyozi ni homa tu, lakini hatoki. Kaka alikwenda kumwona asubuhi, akakaa naye kitandani. Aliponiambia nilirudi nyuma hatua mbili, huku nikiwa tayari ndani na dirisha liko kati yetu. Aliziona hizo hatua.

Aprili 4
Gari la wagonjwa limemchukua Tarishi. Kinyozi ameingiza benchi ndani.

Aprili 6
Tarishi amefariki asubuhi.

Walimzika leo leo, saa kumi, mvua ikinyesha. Ndugu sita wakaruhusiwa. Mkewe hakuwa mmoja wao, amewekwa karantini nyumbani kwake. Kaka alikwenda, akazuiwa langoni, akasimama barabarani na mwavuli akiangalia kupitia wavu. Watu wanne wenye nguo nyeupe za mpira walimbeba Tarishi kwenye mfuko, wakamteremsha kwa kamba, wakapulizia dawa, wakaondoka. Haikufika nusu saa. Kaka alinisimulia hayo akiwa uani, mbali, nikiwa dirishani. Akasema, "Ni kama ulivyosema, dada. Nailoni."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikamwambia anawe.

Alivua shati palepale uani akajisugua kwa sabuni ya kufulia, mikono, shingo, masikio, mpaka povu likawa na rangi ya udongo. Mtu mzima wa miaka sabini na nne, mvua inamnyeshea, anajisugua. Akaniuliza mashuka ya kipindupindu tulikuwa tunayachemsha muda gani. Nikamwambia nusu saa. Akatikisa kichwa kama anayesikia masharti ya dawa, akapanda juu akafunga mlango.

Aprili 7
Hakushuka kula. Alifungua dirisha la mbele, akateremsha kikapu kwa kamba, akaniomba nimwekee chakula humo. Nikaweka. Nilimwuliza ni kwa muda gani. Akasema mpaka atakaponiambia.

Nimefurahi, sitaki kudanganya. Nimempigia binti yangu nikamwambia mjomba wako amepata akili.

Aprili 9
Kikapu kimeshuka. Sahani za juzi hazimo.

Aprili 12
Sahani hazirudi. Nimepaza sauti nikamwuliza anazila? Akatoa kichwa dirishani, barakoa mpaka machoni, akasema nitafute vyombo vingine. Nimeanza kumwekea chakula kwenye makopo ya majani ya chai. Nayo hayarudi.

Nilianza kuona. Hakuna kitu kinachotoka kwake kuja kwangu. Hata takataka anazichoma kwenye kibati dirishani. Nilimwambia dunia yake ni chafu na yangu ina pumu, basi sasa amenikata kabisa, anifundishe. Kaka yangu nilikuwa namjua kwa ukaidi, kisasi sikukijua. Kumbe mtu unaweza kuishi naye chini ya paa moja miaka sitini na bado akakubakizia kitu cha kukuonyesha.

Aprili 14
Mvua kutwa. Tumezoea kuagana kwa ufagio. Nagonga dari kwa mpini mara mbili, naye anajibu kwa kisigino mara mbili. Asubuhi na jioni, hayo ndiyo mazungumzo yetu. Dirishani hasimami tena kuongea, anasema upepo unateremsha pumzi.

Aprili 18
Leo amechangamka. Baada ya visigino viwili ameongeza cha tatu, kisha akafungua dirisha akauliza, "Keshokutwa unapika nini?"

Nikasema kuna nini keshokutwa. Akasema hakuna, anauliza tu. Nikamwambia nitapika kuku wa mchuzi, kama atashuka kula kama mtu. Akacheka. Nilisikia.

Aprili 20
Nilimchinja kuku. Nikafuta meza, nikapanga viti viwili, kimoja kila ncha, dirisha wazi. Saa saba. Saa nane. Kikapu kikateremka kwa kamba, kitupu, kikaning'inia mbele ya dirisha langu kikizunguka.

Nilimwita. Akasema kwa ndani, bila kutoa uso, kwamba bado kidogo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kukimbia. Sikuuliza alikuwa anakimbia wapi ndani ya vyumba viwili. Nilitia kuku kwenye kikapu, nikafunga dirisha kwa kishindo ili asikie.

Aprili 21
Sikugonga ufagio.

Aprili 22
Yeye ndiye amegonga kwanza. Nikajibu.

Aprili 26
Nyayo zake zimekuwa nzito. Kitandani mpaka dirishani zilikuwa hatua tisa, sasa anasimama katikati. Na kitanda hakilii tena. Nasikia kiti tu kikivutwa. Nahisi analala kwenye kiti kando ya redio, kama alivyokuwa anafanya wakati wa mashindano, wifi yangu akimsuta kwamba ataota mizizi. Nimemwambia binti yangu mjomba wako anakesha na redio uzeeni. Tumecheka.

Aprili 29
Makopo mawili leo yamerudi na kikapu yakiwa hayajaguswa. La, nimekosea kuandika. Hayakurudi. Kikapu hakikuja kuyachukua.

Mei 2
Nimemwona. Jua lilitoka kidogo asubuhi, akafungua dirisha apate hewa, nikiwa uani naanika. Uso wake umevimba chini ya macho kama wa mtoto aliyelia. Nikamwambia twende hospitali. Nilisema twende, mimi niliyesema asivuke kizingiti.

"Hospitali ndiko uliko huo ugonjwa," alisema. "Tarishi alipanda lile gari kwa miguu yake."

Nikamwambia hospitali naijua, nimeifulia miaka thelathini na moja, watampima tu. Akasema wakimpima wakamkuta nao watanichukua na mimi, na mapafu yangu hayatarudi. Kisha akakohoa. Alijaribu kukizuia kikohozi kwa kiganja, akafunga dirisha haraka kama mtu aliyemwaga kitu.

Nimepiga namba ya dharura waliyotangaza. Wakauliza ana homa? Sijui. Anakubali kuja? Hakubali. Wakasema nimshauri.

Mei 4
Binti yangu ameongea naye kwa simu. Alimwambia mjomba yuko salama kabisa, mama yako ndiye ana wasiwasi wa kizee. Binti yangu akaniambia nimwache apumzike, barabara zikifunguliwa atakuja mwenyewe. Mvua haijakatika siku tatu.

Mei 5
Kisigino kimoja.

Mei 7
Haya ni ya jana. Jana mkono haukuweza.

Asubuhi niligonga ufagio mara mbili. Kimya. Nikagonga tena. Nikasikia kitu kama kiti kikisogea inchi moja. Nikajiambia amechoka. Nikachemsha uji, nikakaa, nikainuka, nikagonga. Hiyo ya tatu haikupata hata kiti.

Nilipanda ngazi. Sijapanda ngazi zile tangu msiba wa wifi. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni na kifua kilianza kupuliza filimbi ngazi ya sita. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikaita kaka, kaka. Niliposikia sauti yake nilimshukuru Mungu.

"Shuka," alisema. "Nina kikohozi. Ukiingia nitakuua."

Nikamwambia afungue. Akasema hafungui. Alikuwa anaongea maneno mawili halafu anavuta pumzi, mawili halafu pumzi, na kati yake nasikia kifua kikichemka kama sufuria. Nikakaa kwenye kizingiti, mgongo mlangoni. Nikamwambia yale maneno ya nailoni nilisema kwa hasira. Nikamwambia nimekuwa nayo kooni tangu siku ile.   Akasema, "Najua. Shuka ubadilishe nguo, umelowa."

Nikashuka kweli, lakini nikavuka barabara. Niliingia kwa Kinyozi bila barakoa, maji yananichuruzika. Naye ana watoto wadogo na mama mzee nyuma ya pazia. Aliponisikia alishika kiti. Niliona hofu yake waziwazi, nami sikuwa na haki ya kuilaumu. Akasema, "Mama, huyu alinifundisha kucheza mpira." Akajifunga taulo usoni, akachukua nyundo na tindo, tukapanda.

Bawaba zilichukua dakika chache. Mlango ulipotoka nilimpita Kinyozi.

Alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, ameegemezwa na mito mitatu. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini, inang'aa, ndala haziingii, ameziweka pembeni zikiwa pamoja. Alijifunika mdomo kwa taulo, akanyoosha mkono mwingine kunizuia nisisogee. Mezani zilipangwa sahani zangu zote, kumi na moja, na makopo, vyote vimeoshwa na kufunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Karibu na jiko lake la mafuta palikuwa na sufuria kubwa. Alikuwa anavichemsha. Nusu saa kila kimoja, kama nilivyomwambia.

Niliushika ule mkono aliokuwa ananizuia nao. Ulikuwa umepasuka kwa sabuni, mkavu kama gunia. Alijaribu kuuvuta, hakuwa na nguvu. Tulikuwa hatujagusana tangu Machi.

Gari lilikuja saa kumi. Wawili wenye nguo nyeupe walimteremsha na kiti chake. Mimi wakanikataza kupanda. Nilimvalisha soksi, ndala hazikuingia.

Mei 8
Wamempima, majibu bado. Mimi nimeambiwa nisitoke. Nesi mmoja, mwenye sauti ya msichana, alipiga saa nne akasema Refa anataka kuongea, akamshikia simu sikioni. Alimtaja kaka kwa jina la mtaani, nikajua tayari wamekuwa marafiki.

Nilikuwa nimejiandalia mengi ya kusema. Yeye akawahi.

"Umekohoa?"

"Sijakohoa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, kaka."

"Basi," akasema. Nesi akachukua simu, akasema amechoka, atapiga tena jioni. Jioni akapiga, alikuwa amelala.

Mei 9
Binti yangu ametafuta kibali cha kusafiri. Wamemwambia wiki ijayo.

Mei 10
Kaka yangu amefariki leo saa mbili asubuhi.

Jioni
Daktari amenipigia mwenyewe. Alinieleza taratibu, kama anayesoma. Kaka hakuwa na ule ugonjwa. Wamempima mara mbili. Ilikuwa ni moyo. Moyo ulichoka kusukuma, maji yakajaa miguuni na kwenye mapafu, ndiyo yalikuwa yanamkohoza. Akaniuliza kama wiki za mwisho alikuwa anashindwa kulala chali, akilala amekaa. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nasikia kiti. Akauliza kuanzia lini. Nikafungua daftari hili nikamsomea: Aprili 26, kitanda hakilii tena.

 Akasema kuna vidonge vya kutoa maji, vya kawaida, viko kila zahanati. Nadhani alitaka kunijulisha kwamba haikuwa lazima. Kisha akagundua alichosema, akaanza kunifariji.

Tulicheka siku ile, mimi na binti yangu. Ataota mizizi, tulisema.

Mei 12
Tumemzika. Kwa kuwa hakuwa na ugonjwa walitupa mwili. Kinyozi na wazee wawili waliocheza drafti naye walimwosha, na Kinyozi alimnyoa ndevu. Alinijia akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba ameoshwa vizuri, kwa maji ya moto, kila mahali. Sijui kaka alimsimulia maneno yangu au ni Mungu tu. Niligeuka nikashika ukuta.

Watu kumi, kila mmoja peke yake, kama miti iliyopandwa kwa kamba. Hakuna aliyenikumbatia. Walitikisa vichwa kwa mbali. Binti yangu aliangalia kwa simu ya Kinyozi, mtandao ukakatika kabla ya udongo.

Mei 13
Kimya juu.

Mei 14
Kimya.

Mei 19
Binti yangu amefika. Amelia, amesafisha, amenipikia. Amepanda juu akateremsha sahani kumi na moja. Nimemwomba aziweke kabatini nisizione. Ananiuliza kama najilaumu. Nimemwambia hapana, kwa sababu yeye naye anajilaumu, na nyumba haiwezi kubeba wawili.

Mei 24
Mvua imekatika siku nne mfululizo. Binti yangu ameondoka, shule zinafunguliwa.

Mei 31
Asubuhi mke wa Tarishi alisimama kwenye geti. Amepungua, gauni linamzunguka. Karantini yake iliisha siku nyingi lakini hakuwa anatoka, anasema alishazoea. Alisema hataingia, amekuja tu kutoa pole, alisikia aibu kuchelewa. Nilimwambia aingie. Alinitazama kama anayeulizwa swali gumu. Akanawa, nikanawa, tukakaa mezani, kila mmoja ncha yake.

Akaniambia kwamba tangu mumewe afariki kaka alikuwa anampigia simu kila siku saa tisa. Wakati ule mtaa mzima ulimwogopa, hata mchuuzi wa mboga alimrushia fungu kutoka barabarani. Kaka alikuwa anampigia, wanaongea mpaka saa kumi. Sikujua. Saa hiyo mimi hulala kidogo.

"Alikuwa ananihesabia siku," alisema.

Nikauliza siku gani. Akasema zile kumi na nne za redioni. Kaka alimshika Tarishi mkono akiwa mgonjwa, basi akajiwekea siku kumi na nne kuanzia mazishi, zikiisha salama ashuke kwangu. Kila saa tisa alikuwa anamwambia: leo ya sita, leo ya saba. Akafika ya kumi na tatu. Alimwambia kesho dada yangu anapika kuku. Jioni ile akakohoa. Akasema lazima aanze upya, hawezi kucheza na kifua cha dada yake. Akaanza moja. Akafika ya nane, akakohoa. Akaanza tena. Mwisho alikuwa hapiti ya pili, lakini anahesabu tu.

"Nilimwambia amwambie dada yake," mke wa Tarishi alisema. "Akasema akikwambia utampandia huko juu."

Ningepanda. Ningepanda siku hiyohiyo, na mapema kiasi cha vidonge. Nilimwambia hivyo, nikaona amekunja mikono mapajani, nikajua ndicho alichokuwa anaogopa kusikia, na kwamba alikuja pamoja na hofu hiyo. Alikuwa anaijua siri wiki tano na hakuivusha barabara kuniletea. Nilisubiri hasira inipande. Haikuja. Alikuwa mwanamke aliyezuiwa kumzika mumewe, na mtu mmoja alikuwa anampigia simu.

Nilisogeza kiti changu upande wake wa meza. Hakusogea. Akaanza kulia kwanza, kisha mimi, bila sauti, wazee wawili bila barakoa, mabega yamegusana. Alikaa mpaka saa kumi. Alipoinuka nilimwambia kesho saa tisa nitampigia.